Maziwa ndani ya rejeta

Mshale wa joto ulianza kupanda tulipoiacha Muyembe nyuma na barabara ikaanza kuukwea mlima. Tulikuwa wanne ndani ya Premio ya marehemu baba, tukielekea Kapchorwa kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu. Buti lilijaa sufuria za kuazima na kreti mbili za soda, na eyakondisheni ilikuwa inavuma kwa sababu shangazi ya bwana harusi, aliyekaa nyuma, hapendi vumbi. Nikauona mshale ukivuka katikati. Nikajiambia ni mlima tu, ukiisha utashuka wenyewe. Kona mbili mbele ukawa umegusa nyekundu na mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Niliyoyafanya baada ya hapo ningependa kuyaficha, lakini kovu linanisuta. Nilizima gari, nikafungua boneti, nikakunja leso mara nne mkononi na kuzungusha kifuniko cha rejeta. Maji yaliruka kama yaliyokuwa yakinisubiri. Mpaka leo nina alama chini ya kiwiko cha kulia, imetawanyika vidole vidole kama Ziwa Kyoga kwenye ramani, na wanafunzi wa kidato cha kwanza huniuliza habari zake kila mwaka.

Baadaye nilielewa kwa nini yaliruka. Kwetu Tororo, ambako ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukipanda mpaka Sipi yanachemka kwenye 94. Lakini ndani ya rejeta iliyofungwa maji yamebanwa. Kile kifuniko chenye springi, kilichoandikwa 0.9 au 1.1 kuonyesha mgandamizo kinaoushikilia, kinayazuia yasichemke hata yakivuka nyuzi 105 au 110. Ukikifungua, mgandamizo unaondoka mara moja na maji yale yanageuka mvuke usoni pako. Hapo springi haina kosa. Kosa ni la mwenye leso.

Kijana mmoja akatuletea jerikani ya maji ya kijito, baridi ya mlimani kabisa, nami nikayamimina yote ndani ya injini iliyokuwa inatokota. Hedi ya Premio, yaani kile kichwa kinachofunika silinda za injini, ni ya aluminiamu. Kama haikupasuka siku ile, ni rehema za Mungu tu. Nilipaswa kuzima eyakondisheni tangu mshale ulipovuka katikati, kuwasha hita mpaka mwisho ili iibie injini joto (shangazi angelalamika, naye angekuwa na haki), kusimama kabla ya nyekundu, kisha kukaa chini ya mti kwa muda wa saa nzima bila kugusa chochote.

Nilipochungulia kile kichupa cha akiba kando ya rejeta ndipo nilipoyaona maziwa. Nilitegemea maji, nikakuta kitu kizito chenye rangi ya chai ya maziwa iliyolala, kimeganda ukingoni mwa chupa kama utando wa uji. Tulifika harusini tumechelewa kwa saa mbili, tukisimama kila baada ya kilomita tano.

Jumapili tuliporudi nililipitisha gari kwa fundi mmoja Mbale. Alichovya kidole kwenye kichupa, akanusa, akajifuta kwenye ovaroli. "Madamu, hiyo ni hedi gasketi. Oili imekutana na maji." Alimaanisha kile kizibo chembamba kinachobanwa kati ya hedi na injini. Hata dakika haikupita. Sikubishana naye, maana hata mimi nilishajua hivyo. Uganda nzima, mtu akiona maziwa kwenye rejeta jibu ni moja: gasketi imekwenda. Nikatoa laki nane na nusu, nikaacha gari siku sita.

Sitaki kumsema vibaya, kwa sababu kazi aliyoifanya aliifanya vizuri. Hedi ilipelekwa mashine ikasawazishwa uso, gasketi mpya ikawekwa, bolti zikakazwa kwa hatua na si kwa nguvu za bega. Akanionyesha hata gasketi ya zamani, akaikunja mbele yangu kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua. Mimi, niliyefundisha miaka kumi na minne, niliitikia kwa kichwa tu. Sikuuliza: imeungua wapi? Gasketi iliyoungua huacha njia. Utaona mstari mweusi kutoka kwenye duara la silinda mpaka kwenye tundu la maji au la oili, au sehemu iliyolika. Ile haikuwa na mstari wowote. Ilikuwa gasketi kuukuu, basi, lakini nzima.

Na akanifanyia hisani ambayo sikuiomba: alitoa thamostati akaitupa. "Huku kwetu kuna joto, hii ni ya Japani kwenye baridi." Maneno haya nimeyasikia Mbale, Jinja, Kampala, na kila fundi huyasema kana kwamba ameyagundua yeye. Thamostati ya gari kama langu hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto wake, kisha kuyaachia. Ukiitoa, kwenye barabara kuu injini inakimbia ikiwa baridi, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi na inazidi kumwaga petroli. Kuna injini ambazo kuitoa kunaacha njia ya mkato wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na hapo umelitibu gari kwa ugonjwa wenyewe. Mwezi ule nilijaza mafuta mara nne badala ya tatu, nikailaumu bei ya petroli.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja kabla ya kipindi cha kwanza nikafungua kichupa cha akiba, injini ikiwa baridi (hilo nilikuwa nimeshalijifunza), nikakuta maziwa tena. Safari hii yalikuwa na wekundu kidogo. Nililia pale pale kwenye maegesho ya shule, nasema kweli, kwa ajili ya laki nane na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona bila kuliona. Gari lilikuwa limeanza kuchelewa kushika gia. Ukitoka kwenye taa unakanyaga, injini inalia, kisha ghafla linaruka kama aliyesukumwa. Nilidhani ni uzee. Ni la mwaka 1998, baba alilinunua 2009. Sheria ya mwaka 2018 imefunga mlango kwa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi yasiingie tena nchini, lakini haya yaliyokwisha kuingia tunayo mpaka yatuzike au tuyazike.

Jumamosi nililiendesha polepole mpaka Malaba kwa mjomba. Mjomba aliendesha malori ya Mombasa mpaka Kampala, na mengine mpaka Kigali, tangu kabla sijazaliwa. Akastaafu akajenga nyumba pale pale mpakani, ili, kama anavyosema mwenyewe, asikie malori bila kuyaendesha. Kiswahili chake ni cha bandarini. Nilianza kumweleza habari ya gasketi akaninyamazisha kwa mkono.

"Tulia mwanangu. Usinambie fundi kasema nini. Nambie gari lafanya nini."

Nikamweleza. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Linachemsha likiwa limesimama kwenye foleni, au likikimbia, au mlimani? Kwenye foleni ni feni. Likikimbia ni maji hayazunguki vizuri au rejeta imeziba. Mlimani inaweza kuwa chochote, lakini mlima huyatoa yale yaliyojificha. Maji yanapungua? Yanakwenda wapi, chini, ndani ya gari kwenye zulia, au hayaonekani yaendako? Asubuhi ukiwasha, moshi ni mweupe na mzito, wenye harufu tamu? Ule mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika moja tu baada ya kuwasha, wakati injini haijapata moto?

Hilo la mwisho tulilijaribu hapo hapo. Gari lilikuwa limelala uani kwake usiku kucha, baridi kabisa. Akafungua kifuniko, akaniambia niwashe, akainama juu ya shingo ya rejeta kama mtu anayechungulia kisima. Gasketi ikiwa imefunguka upande wa silinda, hewa ya moto wa injini hupenya na unaona mapovu yanakuja mfululizo, hayakomi. Hakukuwa na mapovu. Mpira ulikuwa laini.

Kisha akaomba sahani nyeupe. Mke wa mjomba alimletea ile ya wageni, kwa kulalamika. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akadondosha tone: jeusi, safi, linang'aa. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akapitisha kidole chini yake, hakuna ute. (Ute kidogo mweupe pale si lazima uwe gasketi, alisema. Gari la safari fupi fupi hulipata kwa unyevu tu, na watu wengi wamefunguliwa hedi kwa sababu hiyo.) Akadondosha maji ya rejeta kando yake: kahawia yenye waridi. Halafu akachomoa kijiti cha gia boksi, ambacho mimi katika miaka yote sikuwahi kukigusa, wala sikujua kipo.

Tone lililoanguka lilikuwa kama yogati ya stroberi.

Mjomba akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Oili ya injini nyeusi. Ya gia nyekundu. Hapa kwenye sahani waiona nyeusi wapi?"

Haikuwepo. Kwenye maji hapakuwa na tone la oili ya injini, wala kwenye injini hapakuwa na tone la maji. Vitu viwili vilikuwa vimechanganyika, navyo vilikuwa maji na oili ya gia, na katika gari langu vitu hivyo hukaribiana mahali pamoja tu: ndani ya rejeta. Gari la otomatiki kama hili lina kirejeta kidogo kilichofichwa kwenye tangi la chini la rejeta kubwa. Oili ya gia inaingia kwa bomba moja ikiwa ya moto, inapita humo ikizungukwa na maji, inatoka kwa bomba jingine. Kikitoboka, injini ikiwa inanguruma oili husukumwa kuingia kwenye maji. Ukizima, oili inakosa msukumo lakini maji bado yamebanwa na kile kifuniko, basi sasa maji ndiyo yanaingia kwenye gia boksi. Kila safari ilikuwa ni kubadilishana wageni.

Ndiyo maana lilichemsha. Oili ikishajipaka ndani ya mirija ya rejeta, joto halitoki tena vizuri, na ule ute unaziba njia. Ndiyo maana gia zilichelewa pia. Zile bamba za klachi ndani ya gia boksi zimegandishwa kwa gundi kitambaa kama karatasi nene, na maji huvimbisha kitambaa na kuachisha gundi. Gasketi haikuhusika popote, na wiki tatu nilizoendesha baada ya kuibadilisha zilikuwa zinaila gia boksi.

Mjomba hakuridhika na sahani. Alitaka kuona kwa macho. Tukaitoa rejeta, kazi ya saa moja kwa wawili, akaziba bomba moja la oili kwa kipande cha mpira na klipu, kwenye la pili akafunga mrija uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, nozeli ikiwa juu. Tukailaza rejeta kwenye karai kubwa la kuogeshea watoto, tukaijaza maji mpaka shingoni. Kijana wa jirani akapiga pampu ya baiskeli.

Pampu ya tatu, ya nne, hakuna. Ya saba, povu moja likapanda shingoni mwa rejeta, dogo kama punje ya mtama. Kisha jingine. Kisha yakawa mlolongo, taratibu, kama samaki anayepumua chini ya maji. Mke wa mjomba, aliyekuwa bado anaisikitikia sahani yake, akasema, "Hapo sasa." Laki nane na nusu zangu zilikuwa zikitoka pale, povu moja moja.

Rejeta nilinunua Kampala, Kiseka, kwenye yale maduka ya spea yaliyobanana mpaka mtu anapita ubavu ubavu. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wakubwa wa shule yetu wananiuliza kama Waganda watakipokea. Waende Kiseka. Nilitajiwa bei kwa Kiswahili, nikatukanwa kidogo kwa Kiswahili, nikapunguziwa kwa Kiswahili. Muuzaji alinitolea rejeta mbili, moja iliyotoka Japani ikiwa imetumika, ya bei nusu, na mpya. Nikachukua mpya. Ile iliyotumika ilikuwa na umri ule ule wa yangu, na kile kirejeta cha ndani huwezi kukiona. Nikanunua pia thamostati, kifuniko kipya chenye namba ile ile ya cha zamani, na mipira yote miwili. Oili hulainisha mpira, na wangu wa chini ulikuwa umevimba tayari, ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole.

Kusafisha ndiko kulikochosha. Tulifunga rejeta mpya mwisho kabisa. Kwanza tulisafisha injini kwa kutumia rejeta mbovu, mabomba ya oili yakiwa yameunganishwa moja kwa moja bila kupita humo, gari likinguruma pale pale uani bila kwenda popote. Maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kidogo tu, maana ikizidi povu linapanda mpaka barabarani. Dakika kumi, zima, subiri lipoe, mwaga. Tena. Mwago wa kwanza ulitoka kama supu ya maziwa. Wa tano ulikuwa bado na macho ya mafuta juu. Wa tisa ulitoka safi. Hita ya ndani nayo lazima iwe wazi wakati wote, la sivyo ute unabaki mle na unarudi baada ya mwezi. Jirani mmoja alitushauri tutie manjano kwenye rejeta, dawa ya wazee wa malori. Mjomba akacheka. Manjano, alisema, huziba tundu la kufikia Kampala, halafu huziba na mirija yote.

Gia boksi tuliibadilishia oili mara nne. Ukifungua tapu ya chini zinatoka lita 3 hivi tu, zaidi ya nusu inabaki imejificha ndani, hasa kwenye konveta, ile bakuli la oili linalounganisha injini na gia boksi, kwa hiyo unamwaga, unajaza, unazunguka mtaani ukipita gia zote, unarudi, unamwaga tena. Yogati ikawa juisi, juisi ikawa nyekundu. Hata leo asubuhi ya baridi linasita kidogo kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Hilo sitalirudisha.

Tulipomaliza, mjomba alikata lile tangi la chini kwa msumeno. Kirejeta cha ndani kilikuwa na ukoko mweupe mgumu pande zote, na katikati ya ukoko, kando ya ungio, tundu ambalo sindano ya kushonea isingepita. Niliujua ukoko ule. Ndio ulio ndani ya birika letu la nyumbani. Tororo ni mji wa saruji, umekaa juu ya chokaa, na maji ya kisima chetu huacha mawe kwenye kila chombo yanamochemshwa. Kwa miaka kumi na moja baba alilijazia gari lile maji ya kisima kila Jumapili kabla ya misa, kwa birika lile lile, akalifuta na boneti. Kulanti, ile dawa ya dukani ya kutia kwenye rejeta, aliiita maji ya rangi ya kuwaibia watu. Sasa natia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya kutia kwenye betri, nusu kwa nusu. Na bado Jumapili nalifuta boneti.

Kile kipande kilichokatwa nilikipeleka Mbale. Sikwenda kudai pesa, ingawa njiani niliyapanga maneno. Fundi alikigeuza, akaliziba tundu la mwisho kwa kidole gumba, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. "Hiki kilikuwa ndani ya rejeta?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akakiweka rafuni juu ya makopo ya grisi, na bila kunitazama akamwita kijana wake aliyekuwa ameshaanza kufungua hedi ya Ipsum moja uani.

"Acha hiyo kwanza. Niletee stiki yake ya gia."